Kashata si kila kitu: tunavyodanganyana kuhusu matairi ya magari madogo

Magari madogo tunayoendesha wengi wetu hapa Mtwara, yaani IST, Vitz, Passo na ndugu zao, yanavuta kwa mbele, ukiacha machache yenye fowili, yaani yanayovuta kwa matairi yote manne. Injini iko mbele, giaboksi iko mbele, usukani unageuza matairi ya mbele, na ukikanyaga breki uzito wote unakimbilia huko huko. Ndiyo maana matairi ya mbele yanakuwa kipara wakati ya nyuma bado yana kashata, yale meno ya mpira yanayoshika barabara. Hapo mtu anaanza kutafuta matairi ya bei nafuu, na hapo ndipo maneno ya kijiweni yanapoanza kumla pesa.

“Mtumba la Japani lenye kashata nene linashinda jipya la Mchina”

Hili liliniuma mimi mwenyewe. Nilinunua mtumba manne mjini hapa hapa, duka silitaji, kashata nene mpaka ncha ya kidole inazama. Nikajiona mjanja. Safari ya kwanza, kwenye kona za kushukia Mikindani, gari likawa linayumba kama linatembea juu ya uji. Baada ya safari kadhaa za Masasi, karibu kilomita 200 kwenda tu, kashata zikawa zinalika kama sabuni ya kufulia.

Jamaa yangu mmoja aliyezoea magari ya bandarini aliinama, akafuta vumbi ubavuni mwa tairi, akanionyesha neno moja: STUDLESS. Pembeni yake kuna kijimchoro cha mlima wenye chembe ya theluji. Nilikuwa nimenunua matairi ya theluji.

Wajapani wa sehemu za baridi hubadili matairi majira ya baridi yakiingia, na yale yanayoachwa huwa bado yana kashata za kuvutia. Mpira wake ni laini makusudi, ili usikakamae chini ya nyuzi 7 hivi za joto. Sisi Julai yenyewe, tukijifunika mashuka mawili na kulalamika, hatujafika huko hata kwa mbali. Kwenye lami yetu ya saa saba mchana mpira ule unakuwa kama ubani wa kutafuna: unalika upesi, na breki inachelewa kushika. Utalitambua pia kwa mikato myembamba kama ya wembe iliyojaa kwenye kila kashata, na mara nyingi kwa herufi Q mwishoni mwa saizi, maana yake mwendo usiozidi kilomita 160 kwa saa.

Jambo la pili ubavuni ni umri. Tafuta neno DOT, fuata mstari wake mpaka tarakimu nne za mwisho. Ukikuta 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Michelin wanashauri tairi likaguliwe na fundi kila mwaka baada ya miaka 5 ya kutumika, na likifika miaka 10 tangu litengenezwe liondolewe, hata kama linang'aa. Na hilo ni shauri la dunia nzima, si la gari linaloshinda juani. Mpira mkavu una nyufa ndogondogo kwenye mzizi wa kashata. Likunje kidogo kwa mikono utaziona. Angalia tarehe hata kwenye jipya lenye karatasi yake, kwani lipo jipya lililolala stoo miaka mingi.

Na huyo Mchina tunayemtukana? Bridgestone na Michelin wote wana viwanda China, kwa hiyo nchi peke yake haikwambii kitu. Matairi mengi mapya yameandikwa alama tatu ubavuni: TREADWEAR na namba, TRACTION na herufi, TEMPERATURE na herufi. Namba kubwa ya TREADWEAR inaahidi maisha marefu, ingawa kila kiwanda kinajipimia chenyewe, basi usilinganishe kampuni na kampuni. TRACTION ni kushika breki kwenye maji, na TEMPERATURE ni kuvumilia joto. Zote mbili zinaanzia A kushuka (TRACTION ina AA juu yake). Kwa huku kwetu mimi sinunui lenye TEMPERATURE C, hata nikipewa na soda.

“Mawili mapya yafungwe mbele, ndiyo yanayofanya kazi”

Hapa nitagombana na mafundi karibu wote kuanzia Magomeni hadi Shangani, maana hoja yao inaingia akilini kabisa. Mbele ndiko kunakovuta, ndiko kunakokata kona, sasa mapya uyaweke nyuma kufanya nini?

Fikiria mvua ya Februari, lami ina maji, wewe unakata kona. Matairi ya mbele yakikosa kushika, usukani unakuwa mwepesi mkononi, gari linanyooka badala ya kupinda. Unastuka, unaachia mafuta, mwendo unapungua, uzito unarudi mbele, yanashika tena. Dereva wa kawaida analimudu hilo bila kusomea. Yakikosa kushika ya nyuma, usukani haukwambii lolote: mkia unatoka, gari linazunguka, na kuachia mafuta kwa woga kunazidi kuunyanyua ule mkia. Gari linalovuta kwa mbele, ukiwa peke yako, nyuma yake ni jepesi kama kapu tupu. Kwa sababu hiyo watengenezaji wa matairi wanashauri jozi yenye kashata zaidi ikae nyuma, gari livute kwa mbele au kwa nyuma.

Fundi atakuuliza: je, ya mbele si yatakwisha haraka? Yatakwisha, ndiyo. Yakiisha unaleta yale ya nyuma mbele na kununua jozi nyingine ya nyuma. Au, kama umenunua manne kwa mpigo, unayabadilishana mbele na nyuma kila kilomita 8,000 hadi 10,000, yote yanazeeka pamoja na ugomvi wenyewe unakufa. Ila angalia mshale ubavuni: tairi lenye mshale wa mzunguko halihami upande.

Usinunue moja moja. Matairi ya mbele yakitofautiana saizi au kashata, moja linazunguka zaidi ya mwenzake, na difu, ile gia inayogawa nguvu kwa matairi mawili, inafanya kazi isiyoisha hata kwenye barabara iliyonyooka.

“Pana zaidi ndiyo imara zaidi”

Saizi 185/65R15 ina maana ya upana milimita 185, kimo cha ubavu asilimia 65 ya upana huo, rimu ya inchi 15. Ukipanda hadi 195/65R15 kwa sababu ndiyo iliyokuwepo dukani, tairi zima linakua kwa asilimia 2 hivi: spidi inakudanganya kidogo, usukani unakuwa mzito, na kwenye shimo tairi linaweza kusugua madigadi. Ninachokiogopa zaidi ni namba inayofuata saizi, ile ya uzito ambao tairi linaweza kubeba. 88 ni kilo 560 kwa tairi. 82 ni kilo 475. Msimu wa korosho, gari dogo likishindiliwa magunia mpaka siti ya mbele, hizo kilo 85 kwa kila tairi si mchezo.

“Jua kali, punguza upepo lisipasuke”

Kinyume chake. Tairi lenye upepo mdogo linabonyea kila mzunguko, ubavu unajikunja na kujikunjua, na joto linazaliwa humo ndani. Upepo sahihi uko kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, nacho kwa magari yetu kimeandikwa Kijapani. Tafuta namba kama 220 au 230 kPa, gawanya kwa 7, utapata kwa kukadiria psi, kipimo cha upepo wanachotumia mafundi: 32, 33 hivi. Ile namba kubwa iliyo ubavuni mwa tairi ni ukomo wa tairi, siyo kipimo cha gari lako. Pima asubuhi kabla hujatoka.

Naitrojeni ya kulipia? Hewa ya bure ina asilimia 78 ya hiyo hiyo. Tairi kipara lililochongwa kashata upya kwa kisu cha moto, likimbie. Tyubu ndani ya tairi lisilo la tyubu, fika nayo nyumbani tu.

Na kabla hujamwachia fundi yale ya zamani yakawa makatambuga, yageuze uyatazame. Yakiwa yameliwa kingo zote mbili, umekuwa ukitembea na upepo mdogo. Yakiliwa katikati, umezidisha. Yakiliwa upande wa ndani tu, gari linataka alaimenti, yaani kunyooshwa matairi yakae sawa. Ukifunga mapya leo bila kulipeleka, utarudi kwa fundi yule yule kabla ya msimu wa korosho ujao.