Sumukuvu: pale ambapo bata ni dhaifu kuliko kuku

Mfugaji akiniuliza kuhusu bata, mara nyingi huanza kwa kuwasifu. Mdondo ukipita mtaani unafagia kuku wa banda zima, bata wanabaki wanazunguka uani wakidai chakula. Ni kweli kabisa. Virusi vya mdondo huwaingia bata pia, ila kwa kawaida hawaonyeshi dalili, na hapo ndipo bata mzima wa afya anapoweza kuwapelekea kuku wa jirani maradhi. Sasa sifa hiyo ya ushupavu imezaa tabia ninayoipigia kelele kila baada ya mavuno: mahindi safi yanaingia ghalani, yaliyoota ukungu yanachambuliwa na kutengwa pembeni. "Haya ya bata."

Ukungu huo hutoa sumukuvu, yaani aflatoksini. Katika ndege tunaowafuga, anayeuawa na sumu hiyo upesi kuliko wote ni kifaranga wa bata.

Hilo sayansi imelijua tangu sumu yenyewe ilipogunduliwa, na kwa kweli bata ndiye aliyesaidia kuigundua. Mwaka 1960 batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza katika miezi michache, na kwa kuwa hakuna aliyeona kijidudu cha kulaumiwa, ugonjwa ukaitwa X. Vifaranga wa bata nao walikuwa wanakufa. Wachunguzi walifuata chakula mpaka wakafika kwenye mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili, yenye ukungu wa Aspergillus flavus. Walipotaka kujua ni sehemu gani ya mashudu inayoua, walihitaji kiumbe anayeitikia haraka kwa kiasi kidogo, wakamchagua kifaranga wa bata. Kila hatua ya kuchuja, kinachopatikana kinalishwa vifaranga, kisha ini linatazamwa. Kwa njia hiyo walifika kwenye kemikali nne zinazong'aa chini ya mwanga wa urujuanimno: B1 na B2 kwa rangi ya buluu, G1 na G2 kwa kijani. Kwa miaka kadhaa baadaye, kabla mashine za maabara hazijawa za kawaida, kifaranga wa bata aliendelea kuwa kipimo: analishwa sumu inayoshukiwa kwa siku chache, kisha ini lake linachunguzwa kwa hadubini. Seli za njia za nyongo zikiwa zimezaliana kupita kiasi, jibu limepatikana.

Tuangalie kiasi chenyewe. Kwa sumukuvu B1, dozi inayoua nusu ya vifaranga wa bata ni takriban miligramu 0.3 hadi 0.4 kwa kila kilo ya uzito. Kwa kifaranga wa gramu 50, hiyo haizidi mikrogramu 20. Kifaranga wa kuku anahitaji zaidi ya mara 15 ya dozi hiyo kwa uzito uleule. Ndiyo maana mtu analisha kuku na bata sinia moja, bata wanakufa, kuku wanadunda, naye anaapa kwamba tatizo haliwezi kuwa chakula.

Chanzo cha tofauti kipo kwenye ini. Sumukuvu ikimezwa haina makali yote. Vimeng'enya vya ini ndivyo vinavyoibadili kuwa umbo kali linalong'ang'ania vinasaba na protini za seli. Baadhi ya wanyama wana uwezo mkubwa wa kulikamata umbo hilo na kulitoa nje; panya mdogo wa nyumbani, kwa mfano, ni hodari sana. Bata hulitengeneza umbo hilo kwa kasi, lakini kuliondoa ni mzito.

Dalili kwa vifaranga: wanagoma kula, wanadumaa, wanachechemea. Miguu inaweza kuwa na rangi ya zambarau kwa damu kuvuja chini ya ngozi, na kabla ya kufa wengine hupinda shingo kwenda nyuma. Ukipasua mzoga unakuta ini limepauka na kuvimba. Kwa bata aliyekula sumu kidogo kidogo muda mrefu, ini ni gumu lenye vinundu. Usichanganye na miguu iliyopinda kwa kifaranga mchangamfu anayetaka kula. Hiyo mara nyingi ni upungufu wa niasini, aina ya vitamini B, kwani bata anahitaji kama miligramu 55 kwa kilo ya chakula, zaidi ya kuku, na niasini iliyomo kwenye mahindi imefungwa, haimfikii vizuri. Dagaa na hamira husaidia.

Nirudi kwenye chakula, maana hapo ndipo pesa inapopotea. Sumukuvu hujikusanya zaidi kwenye ganda na kiini cha mbegu, kwa hiyo pumba na chenga huwa na sumu kuliko unga uliokobolewa wa mahindi yaleyale. Sisi tunakula sembe, pumba tunawapa wao. Mashudu ya karanga, kwa maoni yangu, yasiguswe na vifaranga wa bata kama hayajapimwa. Kuchemsha uji hakusaidii, sumu hii inastahimili joto la jikoni. Kupeta ukungu unaoonekana pia hakutoshi. Udongo wa bentonaiti ukichanganywa kwenye chakula hunasa sehemu ya sumu tumboni, lakini si leseni ya kununua mahindi mabovu.

Kinachofaa ni ukavu. Afrika Mashariki kiwango cha unyevu kinachokubalika kwa mahindi ni asilimia 13.5. Huna kipimo? Tia mahindi kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, tikisa, subiri kidogo. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, rudisha mahindi juani, juu ya turubai, si kwenye udongo mtupu. Halafu kuna kosa la bata mwenyewe: anabeba chakula mdomoni na kukisuuza kwenye maji, kisha mabaki yanachacha kwenye chombo. Pwani, kwa joto letu, osha vyombo kila siku.

"Basi haya mabovu niyapeleke wapi?" Huulizwa kila mara. Usimpe ng'ombe wa maziwa, kwani sumu hupita hadi kwenye maziwa kwa umbo jingine liitwalo M1. Usiyapikie pombe. Mwaka 2004 mahindi ya namna hii yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 yaliua 20 katikati mwa Tanzania, kwa hiyo sizungumzii bata peke yao. Chimba shimo refu mbali na kisima, yafukie.