Herpesi ya ng'ombe: maswali na majibu kuhusu virusi vinavyojificha

Ng'ombe wangu aliugua mafua makali, akapona. Bado ana virusi?

Ndiyo, kama ugonjwa ulikuwa ule unaosababishwa na herpesi ya ng'ombe aina ya 1. Dalili zake ni homa inayoweza kufika nyuzi 41, pua nyekundu yenye magamba, kamasi nzito, macho yanayotoa machozi na maziwa kupungua ghafla. Dalili hizo huisha, lakini virusi haviondoki. Ng'ombe huyo atabaki navyo maisha yake yote.

Vinakaa wapi wakati haumwi?

Ndani ya neva. Virusi vikishazaliana kwenye utando wa pua, huingia kwenye ncha za neva za hapo na kupanda hadi kwenye fundo la neva lililo chini ya ubongo. Vikiingia kupitia sehemu za uzazi, hukimbilia mafundo ya neva karibu na nyonga. Hapo hubaki vinasaba vyake tu, karibu bila kutengeneza protini yoyote, kwa hiyo kinga ya mwili haioni cha kushambulia. Hakuna dawa inayoweza kuving'oa huko.

Nini huviamsha?

Mfadhaiko wa mwili. Safari ndefu ndani ya lori, kuzaa, kuachishwa kunyonya, kuchanganywa na ng'ombe wageni, au ugonjwa mwingine. Kisha kuna sababu ambayo wafugaji wengi hawaijui: dawa za jamii ya kotikosteroidi, yaani dawa kali za kupunguza uvimbe, kama deksamethasoni. Watafiti huitumia dawa hiyo hiyo kwa makusudi wanapotaka kuviamsha virusi hivi. Kwa hiyo daktari wa mifugo anapotaka kumchoma ng'ombe wako sindano ya aina hiyo, mweleze kama kundi liliwahi kuugua. Wapo wanaojiamulia wenyewe na kuitumia kwa kila homa, nawasihi waache.

Virusi vikiamka, nitaona nini?

Mara nyingi huoni chochote, na hapo ndipo penye hatari. Ng'ombe anakula, anacheua, anakamuliwa kama kawaida, huku kamasi yake imebeba virusi. Analamba chombo cha maji, mtamba ambaye hajawahi kuambukizwa anakuja kunywa baada yake, na siku chache baadaye mtamba huyo anaugua homa. Mfugaji hutafuta mgeni aliyeleta ugonjwa, kumbe umetoka kwa ng'ombe aliyezaliwa zizini humo humo. Dume aliyeambukizwa anaweza pia kuvitoa kwenye shahawa, ndiyo maana vituo vya uhimilishaji hupima madume yao.

Mbona wengine hufa kwa nimonia?

Virusi hivi huharibu vinyweleo vinavyosafisha njia ya hewa na kudhoofisha seli za kinga mapafuni. Bakteria kama Mannheimia haemolytica, ambao huishi kooni mwa ng'ombe wazima bila shida, hushuka hadi kwenye mapafu yasiyo na mlinzi. Virusi hufungua mlango. Wanaoua mara nyingi ni bakteria.

Na kutupa mimba?

Kunatokea, hasa kati ya mwezi wa 4 na wa 8 wa mimba, na kunaweza kuja wiki kadhaa baada ya ng'ombe kuambukizwa. Mpigie daktari mapema ili apime kondo na ndama aliyetupwa, kwa kuwa magonjwa mengine pia husababisha kutupa mimba, na baadhi yake huambukiza binadamu. Herpesi hii haimwambukizi binadamu.

Kipimo cha damu kikisema hana?

Kwa ng'ombe mzima ni habari njema. Kwa ndama, kuwa mwangalifu: aliyeambukizwa akiwa bado analindwa na kinga ya dang'a ya mama yake anaweza kubeba virusi vilivyolala, huku kipimo cha kingamwili baadaye kikionyesha hana.

Chanjo inasaidia?

Sana, ingawa haiviondoi virusi vilivyokwisha kujificha. Hupunguza ugonjwa na kiasi cha virusi kinachotoka vinapoamka. Chanja kabla ya safari au kuachisha ndama, si baada ya kikohozi kuanza. Usimpe ng'ombe mwenye mimba chanjo hai (yenye virusi hai vilivyodhoofishwa) bila ushauri wa daktari, maana baadhi huweza kutoa mimba. Denmark, Uswisi na Austria zimeutokomeza kabisa ugonjwa huu, kwa kupima na kuwaondoa wabebaji wote. Usipoweza kufanya hivyo, tenga ng'ombe mpya kwa wiki kadhaa na umpime kabla hajaingia kundini.