"Mwalimu, leo mwezi nane"

Nasomesha jiografia katika skuli ya sekondari upande wa mashariki ya Unguja. Kwa miaka kadhaa nilisomesha kujaa na kupwa kwa maji kama kitabu kinavyotaka: jua, mwezi na dunia kwenye mstari mmoja, mishale ubaoni, istilahi mbili za Kiingereza za kukariri: "spring tide", yaani bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na "neap tide", yaani maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Mtihani ukija, wengi wanachanganya ipi ni ipi. Na hao ni watoto ambao mama zao hawateremki kwenda kwenye mwani bila ya kujua leo mwezi ngapi, yaani siku ya ngapi tangu mwezi kuandama.

Nikaona niwapeleke pwani. Nilichagua siku yenye vipindi viwili mfululizo. Tukafika saa nne na madaftari yetu, maji kifuani. Kigingi cha mwani hata kimoja hakionekani. Bibi mmoja aliyekaa kivulini akaniangalia, akasema pole pole, "Mwalimu, leo mwezi nane. Haya maji mafu. Rudini mwezi kumi na tano."

Wanafunzi walikuwa wanajua. Nilipowauliza mbona wamenyamaza, mmoja akanijibu, "Ulisema tunakwenda kusoma jiografia."

Jibu hilo lilinikera wiki nzima. Safari za pwani nikaziacha. Siku hizi naanza na swali la kupeleka nyumbani: kwa siku kumi na tano, andika mwezi wa ngapi na saa ambayo maji yamekupwa mwisho, ukimuuliza anayekwenda baharini. Wakirudi, tunapanga namba ubaoni. Kitabu kinasema maji huchelewa kwa wastani wa dakika 50 kila siku. Namba zao zinakataa: siku za bamvua kuchelewa ni chini ya hapo, karibu na maji mafu kunapita saa nzima. Ugomvi unaanza, na hapo ndipo mishale yangu ya jua na mwezi inapopata kazi, maana sasa kuna kitu cha kuelezwa. Wakaligundua na jengine, ambalo mama zao wanalitegemea bila ya kulitaja: huku kwetu bamvua hukupwa mnamo saa nne asubuhi, mwezi baada ya mwezi, kwa kuwa jua nalo limo katika kuvuta.

Kuhusu skuli na jamii, hapa nina neno. Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere, mwaka 1967, ilitaka skuli isijitenge na watu wake. Pahala pengi ikaishia kwenye jembe, na wanafunzi wakalima bila ya kuambiwa udongo ule una nini. Kosa la pili ni kuwageuza wazee maonesho. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza huku mwaka 1989, na wengi wanaokifanya ni wanawake. Maji yakikupwa wana saa chache tu za kufunga mbegu kwenye kamba na kuvuna. Watoto arubaini wakiwazunguka na kalamu, wanawala muda wao. Ndiyo maana swali linakwenda nyumbani jioni, sahani zikishaoshwa.

Muhula uliopita darasa lilitengeneza jadweli la saa za kupwa kwa mwezi unaofuata, nakala zikapelekwa majumbani. Moja ilirudi imekunjwa, na kwa kalamu ya risasi, kwenye siku tatu, mama wa mtu ameandika: "Hapa kusi. Ongezeni."

Sasa tunabishana, siku za upepo wa kusi tuongeze dakika ngapi.