Neno "chujio" linavyoua samaki

Juzi tena. Jirani kanitumia picha ya chujio la tangi lake la samaki, limeoshwa kwa sabuni, linang'aa kama vyombo vya wageni. Chini yake swali: "Mbona amonia haishuki, na chujio nalisafisha kila Jumamosi?"

Haishuki kwa sababu analisafisha kila Jumamosi.

Maana kwanza, tuimalize haraka. Chujio la tangi, au filta kama wauza samaki wa mapambo wanavyoliita, ni kifaa kinachovuta maji, kinayapitisha kwenye sponji au vipande vya kauri vyenye vitundu, kisha kinayarudisha tangini. Kwenye hiyo sponji na kauri wanaishi bakteria, na hao ndio wanaoondoa amonia, sumu itokayo kwa samaki wenyewe. Basi.

Balaa limo kwenye neno lenyewe. Chujia imezaa chujio kama fagia ilivyozaa ufagio, na neno hilo ni la jikoni. Mswahili akisikia kuchuja anaona tui linapita kwenye kifumbu, machicha yanabaki. Anaona chai inamiminwa, majani yanabaki. Hata mpira ulipoliazima neno, mchujo ukabaki ule ule: wengine wanapita, wengine wanakwama. Kwa hiyo mtu akiambiwa tangi lina chujio, anajua papo hapo la kufanya: uchafu umenaswa, kautoe, osha, rudisha. Akili yake haina kosa, kosa ni la jina.

Amonia haina machicha. Imeyeyuka majini kama chumvi ndani ya mchuzi. Chuja huo mchuzi kwa kifumbu, kwa leso, kwa sponji ya bei mbaya, chumvi itapita tu. Na usidhani kukimbilia "filta" kutakuokoa. Wazungu nao walilitoa kwenye Kilatini cha zama za kati, filtrum, yaani sufu iliyoshindiliwa hadi ikawa kitambaa kizito cha kuchujia vimiminika. Kifumbu kingine hicho, cha manyoya ya kondoo.

Kinachofanana na chujio la tangi ni chachu. Anayegandisha maziwa huacha mtindi kidogo ndani ya chombo ili ugandishe mengine. Akiosha chombo kikatakata kisha akashangaa maziwa mapya hayagandi, utamcheka. Jirani yangu kafanya hivyo hivyo, tena kwa maji ya bomba, ambayo yametiwa klorini makusudi ili iue bakteria. Klorini haiulizi kama bakteria ni wa kuharisha au wa chujio.

Kazi ya hao bakteria ni ya kupokezana. Samaki hutoa amonia, sehemu kubwa kupitia mashavu, na chakula kilichobaki kikioza huongeza nyingine. Kundi la kwanza la bakteria huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, maana huizuia damu ya samaki kubeba oksijeni. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia isipozidi. Mimea inaipenda. Maji ninayoyatoa tangini hunywa mchicha wangu, na mchicha haujawahi kulalamika. Ila makundi hayo hukua polepole: tangi jipya huchukua wiki 4 hadi 6 kabla amonia haijakaa kwenye sufuri. Ukiyaosha kila Jumamosi, tangi lako linabaki na umri wa siku saba daima.

Kuna na lile la "maji yangu meupe, hayana shombo, amonia itoke wapi?" Amonia haina rangi, na kiasi kinachomdhuru samaki pua yako haikinusi. Ukitaka kujua, tia matone ya kipimo kwenye kichupa: manjano ni salama, kijani ni taabu. Ukubwa wa taabu unategemea maji. Kwenye joto la nyuzi 25, katika maji ya pH 7 (pH ni kipimo cha uasidi na ualkali wa maji), chini ya asilimia 1 ya amonia yote iliyomo ndiyo huwa katika hali ya sumu kali. Kwenye pH 8 ni kama asilimia 5, na kwenye pH 9 inapita 30. Ndiyo maana anayefuga samaki wa Ziwa Tanganyika, waliozoea pH ya karibu 9, hana nafasi ya kuzembea. Kijani kile kile ambacho kwa mwenzake ni onyo, kwake ni msiba.

Umeme nao. Bakteria wa chujio wanahitaji oksijeni, na wanaipata maji yakitembea. Ukikatika saa nyingi, chujio lililofungwa huanza kuoza ndani. Kabla ya kuliwasha tena, mwaga maji yaliyolala humo. Kipampu cha hewa cha betri hakigharimu kama samaki.

Jirani nilimwita tukafanya pamoja. Tulichota ndoo ya maji ya tangi lenyewe, tukaikamua sponji humo mara tatu, maji yakawa kama chai ya rangi, tukaacha hapo. Alitaka kuendelea hadi itakate, nikamshika mkono. Tukabadilisha theluthi ya maji kwa yaliyolala usiku kucha kwenye beseni wazi yakipulizwa hewa, na chakula akakipunguza nusu. Wiki ya nne kichupa kilirudi manjano.

Bado analiita chujio, nami pia, maana neno limeshakaa. Ila jirani, ukinipigia tena, usiniambie chujio limeshindwa kuchuja amonia. Sema bakteria wako bado wachanga, nitakuelewa.