Graundi siyo ethi

Kijana mmoja wa Mwanjelwa alinionyesha bodi ya saketi aliyoichora kwa ajili ya kipimio chake cha betri. Kazi safi, ila pembeni, penye hasi, ameandika ETHI. Kifaa chenyewe kinatumia betri ya volti 9, hakina hata waya mmoja unaokwenda ukutani.

"Si kitu kilekile, fundi?"

Sivyo, mdogo wangu. Ethi ni waya unaoingia kwenye udongo. Graundi ni sehemu ya saketi tuliyokubaliana kuiita volti 0, ambako mkondo unapita kurudi kwenye chanzo chake.

Mkanganyiko huu una asili yake. Maneno yote mawili ni ya Kiingereza na yote yanamaanisha ardhi: Mwingereza husema ethi, Mmarekani graundi. Mwaka 1838 Carl August von Steinheil wa Ujerumani alionyesha kwamba telegrafu inaweza kutumia waya mmoja tu, mkondo ukarudi kupitia udongo. Hapo jina lilikuwa la haki kabisa. Baadaye mafundi wa redio wakalihamishia kwenye bati la redio, hata lisipogusa udongo, na jina likabaki.

Kinachoniuma ni hasara ya kuyachanganya. Anayeita graundi "ethi" anaiona kama shimo: mwaga chochote, kinapotea. Kumbe ni njia, na njia ina ukinzani, yaani inauzuia mkondo kidogo. Kwenye bodi ya kijana huyu mstari wa kurudi ulikuwa na upana wa milimita 1 na urefu wa sentimita 10. Kwa shaba ya kawaida yenye unene wa mikroni 35, huo ni ukinzani wa karibu miliohmu 50. Ukipitisha ampia 1, milivolti 50 zinaishia humo, na sehemu ya kupimia aliiunganisha mwisho wa mstari huohuo. Seli aliyokuwa anaipima, yenye volti 1.20, ilikuwa inasomeka 1.15, naye akailaumu seli.

Tulifuta ETHI, tukaandika 0V, kisha tukachora mstari wa pili, mwembamba, kwa ajili ya kupimia tu. Ile miwili inakutana kwenye hasi ya seli, si kabla ya hapo. Neno ethi nimemwomba alitunzie paua sapulai (kifaa cha kulishia saketi umeme) anayotaka kuunda, ile ya umeme wa ukutani yenye kasha la bati. Kule waya wa ethi, ule wa kijani na njano, ufungwe kwa skrubu kwenye bati lenyewe.