Mikataba mahiri inayojizalisha: hatari haiko kwenye wingi

Mkataba mahiri ni programu inayokaa kwenye blokicheni, yaani daftari la kidijitali linalotunzwa kwa pamoja na kompyuta nyingi, na kuna mikataba inayoweza kuunda mingine. Katika Ethereum, mtandao uliozinduliwa Julai 2015, amri ya CREATE huuwezesha mkataba kuunda mkataba mpya wenye anwani yake. Amri nyingine huuwezesha kunakili msimbo wake wenyewe. Zikitumika pamoja, mkataba huzaa nakala yake kamili, nayo nakala ikaja kuzaa nyingine.

Swali tunaloulizwa mara nyingi ni kama nakala hizo zitaujaza mtandao kama virusi vya kompyuta. Hapana. Mkataba haujiamshi, ni lazima mtu atume muamala kutoka akaunti yake, na kila hatua hulipiwa ada iitwayo gesi. CREATE pekee hugharimu gesi 32,000, na kila baiti ya msimbo unaohifadhiwa huongeza 200. Kwa kikomo cha baiti 24,576 kilichowekwa mwaka 2016, kuhifadhi msimbo wa mkataba mmoja mkubwa hufikia gesi 4,915,200. Muamala ukiishiwa gesi, yote uliyoyafanya hubatilishwa, na ada hairudi.

Gharama hiyo ndiyo iliyowafanya watengenezaji watafute njia ya mkato, na hapa ndipo penye hatari halisi. Badala ya nakala kamili, huzalishwa vikataba vidogo mno, vingine vya baiti 45 tu, ambavyo kazi yake ni kupeleka kila ombi kwa mkataba mama. Fedha hukaa kwa mtoto, lakini akili yote iko kwa mama. Novemba 2017, mkataba mama wa pochi za Parity, yaani programu za kuhifadhia fedha za kidijitali kutoka kampuni ya Parity, ulikuwa umeachwa bila mmiliki. Mtumiaji mmoja akajisajili kama mmiliki, kisha akauamuru ujifute. Pochi 587 zilizoutegemea ziliganda papo hapo, zikiwa na zaidi ya etha (sarafu ya Ethereum) 500,000, na hakuna aliyeweza kuzitoa.

Kwa hiyo, kabla ya kuweka fedha kwenye mkataba wowote, fungua anwani yake kwenye Etherscan, tovuti ya kutazamia mikataba na miamala ya Ethereum, uone kama unaelekeza maombi kwa mkataba mwingine. Ukielekeza, kagua huo wa pili kwa makini zaidi kuliko wa kwanza: je, msimbo wake umewekwa wazi? Anwani ya mama inaweza kubadilishwa? Ikiwa inaweza, ni akaunti moja yenye mamlaka hayo, au ni lazima saini za watu kadhaa?