Kwa nini sumaku mbili huvutana upande mmoja, zikafukuzana upande mwengine?

Fungua spika ya redio mbovu: kwa nyuma utakuta duara zito jeusi. Hiyo ni sumaku, na kwa mafundi redio wa Darajani au Chake Chake haikosekani. Tafuta mbili uzikutanishe. Upande mmoja zinagandana mpaka kuzibandua ni kazi. Geuza moja, na sasa hazitaki kukaribiana: unasukuma, zinateleza pembeni, ukilegeza vidole moja inajipindua ghafla na kumganda mwenzake. Kuna siri kubwa katika kujipindua huko.

Skuli tunafundishwa kuwa kila sumaku ina ncha mbili, ya kaskazini na ya kusini. Zinazofanana hufukuzana, zilizo tofauti huvutana. Kwa nini iwe hivyo, mara nyingi hatuambiwi.

Kila elektroni ndani ya atomu ni kisumaku kidogo mno. Katika mbao, shaba au mchanga mweupe wa Nungwi, visumaku hivyo huondoana nguvu. Katika chuma, nikeli na kobalti vinaweza kuelekea upande mmoja kwa wingi, na nguvu zao zikajumlika. Nguvu hiyo huenea hata nje ya sumaku, na eneo inaloenea huitwa uga wa sumaku. Muombe mchomelea mageti vumbi la chuma, linyunyize juu ya karatasi, na chini yake weka sumaku mbili. Ncha tofauti zikitazamana, vumbi hujipanga mistari inayotoka huku na kufika kule. Zikitazamana zinazofanana, mistari hupinda na kukimbiana, katikati pakabaki patupu.

Kisumaku kikiingia kwenye uga wa sumaku nyengine, kwanza hugeuka kuufuata. Kikishaelekea sawa, huvutwa pale uga ulipo na nguvu zaidi, yaani karibu na ncha. Lakini kikishikiliwa kinyume, husukumwa kule uga ulikofifia. Ndiyo maana sumaku inayofukuzwa hupinduka ikipata nafasi.

Msumari wa kawaida haufukuzwi kamwe, hata uusogeze ncha gani. Visumaku vyake bado havina mwelekeo mmoja, basi hugeuka kufuata ncha yoyote iliyoukaribia. Kwa hiyo ukitaka kujua kama kipande cha chuma ni sumaku ya kweli, kuvutwa hakutoshi; tafuta kufukuzwa. Na ukiivunja sumaku hupati ncha moja peke yake: kila kipande kitakuwa na zake mbili.

Mwaka 1600 tabibu wa Kiingereza, William Gilbert, alichapisha kitabu akieleza kuwa dunia yenyewe ni sumaku kubwa. Sindano ya dira ya nahodha huelekeza ncha yake ya kaskazini upande wa Aktiki, yaani kaskazini ya dunia. Basi kinachoivuta kule, kwa kanuni ya sumaku, ni ncha ya kusini. Wengi hili huwashangaza, na ni haki yao.

Kuna jengine linalotuhusu khasa sisi wa visiwani. Uga wa dunia hapa haukulala bapa. Unatoka ardhini kwa mshazari kuelekea kaskazini, kwa hiyo sindano iliyo huru huinamisha ncha yake ya kusini. Watengenezaji huongeza uzito kidogo upande wa kaskazini ili isawazike. Dira iliyosawazishwa kwa ajili ya Ulaya inaweza kukwaruza au kukwama ukiitumia Pemba, kwa hiyo kabla ya kununua, uliza imetengenezwa kwa ajili ya upande gani wa dunia.